Neno "Tuseme" Lilivyomtoa Mjomba Barazani

Mpendwa mshauri Bibi Rahabu, shikamoo. Naomba unisaidie kabla siku hazijaniishia, maana nimebakiwa na siku kumi na nne na sina mtu hapa wa kumweleza, mama yangu haniulizi tena, walimu wenzangu wanalijua jambo hili nusunusu kama linavyosimuliwa sokoni, na yule anayestahili kuelezwa kwanza haitikii salamu yangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya misheni huku milima ya Usambara, umri wangu miaka ishirini na tisa, nafundisha aljebra na jiometri darasa la tisa na la kumi, na kwetu ni kijiji kimoja juu ya Lukozi, pale mashamba yanapopakana na msitu wa serikali. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana, na aliyenilea ni mjomba wangu Darweshi, kaka yake mama. Yeye ni Mwislamu wa sala tano, na nilipobatizwa shuleni nikaitwa Samsoni watu walimwuliza kama hana uchungu, akawajibu kwamba mtoto akirudi nyumbani ataitwa kwa jina lolote alilokuja nalo. Kabichi na viazi vya shamba lake la bondeni ndivyo vilivyonisomesha, alivibeba kichwani mpaka barabara ya malori mvua inyeshe isinyeshe, na sijapata kumsikia akinikumbusha.

Nikueleze kwanza ninavyofundisha, kwa sababu ubaya wote umetokea humo. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini mwanafunzi akikwama hugeukia Kiswahili, na neno langu kubwa ni "tuseme". Katika aljebra, tusipojua idadi ya mbuzi nasema tuseme ni x, halafu tunaitendea x kama kitu tunachokijua mpaka inajitaja yenyewe. Katika jiometri iko njia nyingine ninayoipenda kupita zote, ukitaka kuonyesha kwamba jambo ni kweli unaanza kwa kusema, tuseme si kweli, kisha unaufuata huo uongo hatua kwa hatua mpaka unagonga mahali pasipowezekana, kama vile pembe moja kuwa kubwa kuliko yenyewe, na hapo unarudi unaandika, basi ilikuwa kweli tangu mwanzo. Wanafunzi wananiita Bwana Tuseme wakidhani sijui, nami nililifurahia jina hilo.

Sasa mwezi wa Desemba jirani yetu Hezekia alikwenda barazani kwa Zumbe, ndiye mkubwa wetu wa eneo, akadai kwamba mjomba amelisogeza jiwe la mpaka kuelekea chemchemi ili amege ardhi yake na kuukamata mdomo wa mfereji. Jiwe hilo liliwekwa na babu zao, na wazee wote, hata Hezekia mwenyewe, wanakubaliana jinsi lilivyowekwa. Ilichukuliwa kamba moja, ikavutwa kutoka kigingi cha mpaka wa msitu mpaka kwenye jiwe, kisha kamba ileile, isiyoongezwa wala kupunguzwa, ikavutwa kutoka kwenye jiwe mpaka mwamba wa chemchemi. Kamba yenyewe ilishaoza zamani, lakini usawa wa pande mbili hauozi, na kwangu mimi hiyo ni pembetatu pacha wanayoijua hata watoto wa darasa la tisa. Jiwe likisogezwa kuelekea chemchemi, upande wa chemchemi utapungua na ule wa kigingi utazidi, hakuna ujanja.

Jumamosi kabla ya kesi nilikwenda na mjomba tukapima kwa kamba mpya. Yeye alishika ncha moja na mimi nyingine, tukapima mara tatu, na pande zote mbili zikawa sawa, hazikupishana hata shibiri. Jiwe halikuguswa na mtu. Nilifurahi nikamwambia, "Mjomba, hesabu itakutetea." Akaikunja kamba taratibu akanijibu, "Mimi hesabu siijui, mwanangu. Nakujua wewe."

Baraza lilikaa Jumatano, tarehe ishirini na tatu Januari. Nilivaa tai. Nilikuwa na karatasi kubwa niliyochora pembetatu kwa wino wa rangi mbili, na nakiri kwako, Bibi, kwamba juma zima nilikuwa nikijiona nimesimama mbele ya wazee wale nikiwafundisha jiometri wasiyopata kuiona, nao wakitikisa vichwa. Watu walikuwa wengi kwa sababu ilisemwa mwalimu atatoa ushahidi wa hesabu, na wengine walinuna walipoiona kamba na karatasi, maana tangu serikali ianze kutulazimisha kulima kwa matuta mtu wa vipimo hapendwi huku kwetu. Hezekia alieleza yake kwa Kishambaa, kwa kifupi, akakaa. Mimi nilichagua Kiswahili, kwa sababu karani huandika kwa Kiswahili, na pia, nisifiche, kwa sababu kilinifanya nionekane msomi.

Karani akachovya kalamu yake akaniambia, "Haya mwalimu, sema."

Nikasema, "Tuseme Darweshi amelisogeza jiwe."

Halafu nikanyamaza kidogo, kama ninavyonyamaza darasani ili wanafunzi waandike, na karani akaandika. Baadaye niliisoma ile sentensi kwa macho yangu: "Mwalimu Samsoni, mpwa wa mdaiwa, asema Darweshi amelisogeza jiwe." Wazee wetu Kiswahili chao ni cha sokoni na cha barazani, kwao mtu akiambiwa "sema" naye akajibu "tuseme", basi huyo anasema, hakuna zaidi. Tena nilimtaja mjomba kwa jina tupu, mimi ambaye tangu kuzaliwa sijalitamka jina lake mbele yake, nikaliacha neno mjomba kwa sababu katika jiometri hakuna mjomba wala jirani, kuna A na B na C.

Mjomba alikuwa benchi la mbele. Aliniangalia, akaiweka kofia yake sawa kichwani, akachukua fimbo yake akatoka, na watu wakampisha njia. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kishambaa kwamba mpwa kamwuza mjomba wake, wakacheka. Zumbe akagonga meza, akatangaza kwamba mdaiwa ameondoka bila ruhusa, kisha akanigeukia mimi, tena kwa upole, akaniuliza, "Mwalimu, una neno la kuongeza?"

Nilikuwa nalo, Bibi. Zilibaki hatua tatu tu. Upande wa chemchemi ungekuwa mfupi, tumepima si mfupi, kwa hiyo jiwe halikusogezwa. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini wale waliocheka walikuwa wameniudhi, na mjomba alikuwa ameniudhi zaidi, kwamba miaka yote aliyonilea hakuweza kunisubiri nusu dakika nimalize, na karatasi yangu ya rangi mbili ilikuwa bado imekunjwa. Nikasema, "Sina." Nikakaa chini.

Kwetu anayeondoka barazani kabla ya hukumu huhesabiwa ameshindwa. Jiwe liling'olewa siku ileile likarudishwa hatua kumi na saba kuelekea kigingi, na mdomo wa mfereji sasa uko kwa Hezekia, ambaye hakuuziba kabisa, ila anaufungua anapotaka yeye. Huu ni msimu wa jua. Miche ya kabichi ya mjomba imeanza kulala chini, naye ni mtu wa miaka sitini na mitano ambaye hana shamba lingine lenye maji. Nilimfuata karani nikamwomba arekebishe maandishi, akaniambia, "Mwalimu, mimi huandika yanayosemwa." Mama yangu, Mwamvita, aliniuliza mara moja tu, "Ulisema au hukusema?" Nikamjibu, "Nilisema, mama, ila sikumaliza." Akasema, "Basi ulisema," akaendelea kuchambua maharage yake.

Mjomba nikimwamkia shikamoo hupita kama hakusikia. Nimemwamkia mara nne.

Kuna na jingine la darasani ambalo nisingeliandika kama si ile methali ya mficha uchi hazai. Juma lililofuata nilikuwa nafundisha mistari sambamba darasa la kumi, nikaandika ubaoni tuseme mistari hii inakutana, nikasimama na chaki nisijue naendelea vipi. Mwanafunzi wangu Sefania, ambaye ndiye hodari kuliko wote, akanyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kama tunajua haikutani, kwa nini tunaanza na uongo? Na mtu akiondoka kabla hatujafika mwisho?" Sijui kama alikuwa amesikia habari za barazani au aliuliza tu kwa akili yake. Mimi nilisikia kejeli. Nikamtoa nje, nikampa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya bweni kwa siku sita. Tangu hapo haulizi, na wenzake nao hawaulizi, naandika ubaoni wao wananakili, nikisahihisha madaftari naona hakuna anayeelewa, na mtihani wao ni Novemba.

Sasa rufaa inakubaliwa ndani ya siku thelathini, ipelekwe Lushoto, na siku ya mwisho ni tarehe ishirini na mbili mwezi huu. Anayekata rufaa lazima awe mjomba mwenyewe kwa dole gumba lake, na yeye amemwambia mama, "Mwacheni Hezekia ale." Hedimasta kwa upande wake ameniita ofisini akanionya kwamba misheni haitaki ugomvi na baraza, na kwamba nimechaguliwa kwenda masomoni Uganda mwezi wa saba, jina langu likionekana kwenye faili la kesi, tena likisema jambo moja hapa na jingine kule, hatajua atanitetea namna gani. Nimekaa nikafikiri labda nimwandikie mjomba barua ndefu nimchoree na pembetatu, asomewe na mtu. Labda ninyamaze yapoe. Labda kosa ni la neno lenyewe, Kiswahili kimenisaliti, na nikitafuta neno lingine la kufundishia moyo wangu utatulia. Nisaidie, Bibi, nifanye lipi.

Wako mtiifu,
Samsoni, mwalimu wa hesabu
Februari 8, 1957

*

Mwalimu Samsoni, marahaba.

Barua yako imenifikia Tanga jana Jumatatu. Jibu hili nalituma kwanza kwako kwa basi la posta, kabla halijachapwa, kwa sababu gazeti hutoka Jumamosi na wewe huna Jumamosi za kuchezea. Nimekuhurumia. Nakuambia hilo mapema kwa sababu yanayofuata hayana huruma nyingi.

Nilifundisha wasichana miaka ishirini na miwili, kusoma, kushona, na hesabu mpaka pale zinapoingia herufi. Zikiingia herufi nilimwachia mwingine. Kwa hiyo nilimpelekea mwalimu mmoja wa hesabu hapa mjini ile sehemu ya kamba na jiwe, bila jina lako. Akachora pembetatu yako kwenye pambizo la gazeti la Jumamosi, akaitazama, akaniambia, "Huyu hakuhitaji tuseme. Wazee wamekubali pande zilikuwa sawa. Zimepimwa, bado ziko sawa. Kazi imekwisha. Ile njia ndefu tunaitumia mlango wa mbele ukiwa umefungwa." Nikamwambia mlango ulikuwa wazi. Akatikisa kichwa akaniuliza kwa nini basi mtu apitie dirishani. Jibu tunalo mimi na wewe: ulitaka watu wakuone unavyoruka.

Usilisingizie neno. "Tuseme" halina kosa, nalitumia mimi, hutumiwa na mama anayemwuliza mtoto, "Tuseme nimekupa maandazi matatu, utamgawia nani?" Mtoto haondoki akidhani ana maandazi, kwa sababu anaona uso wa mama. Barazani hawakuona uso wako, waliona tai. Hezekia alisema Kishambaa na wewe ni Mshambaa, mjomba ni Mshambaa, Zumbe ni Mshambaa. Uliongea na kalamu ya karani ukawaacha watu.

Na lile la jina. Umeandika kwamba katika jiometri hakuna mjomba. Sawa. Lakini aliyeketi benchi la mbele hakuwa A. Alikuwa mtu aliyebeba viazi vyako kichwani, akasikia kwa mara ya kwanza katika maisha yake mtoto wake akimwita Darweshi, kavu, mbele ya Hezekia. Mimi nadhani alisimama kwa hilo hata kabla jiwe halijatajwa. Unalalamika hakukusubiri nusu dakika. Mwalimu, yeye alikusubiri tangu hujui kuhesabu vidole vyako.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wako ulijikwaa, hilo hutokea, mimi mwenyewe nimewahi kumpa pole bibi harusi. Kwa "tuseme" ningekupa pole tu nikakwambia ukaeleze. Lakini soma tena barua yako pale Zumbe alipokuuliza kama una neno la kuongeza. Alikufungulia mlango mara ya pili, tena kwa upole, umeandika mwenyewe. Ukasema, "Sina." Hapo hukujikwaa. Hapo ulikuwa na akili zako zote, unajua jiwe halikuguswa, unajua mzee anapoteza maji yake, ukachagua kukaa chini kwa sababu ulichekwa. Hili ndilo kosa, na barua yako ina kurasa nne, tatu za kamba na vigingi, na katika hizo zote sijaona mahali umeandika kwamba unataka kumwomba mjomba wako radhi. Umeandika unataka moyo wako utulie. Hilo ni jambo jingine.

Sasa fanya hivi.

Ukimaliza kusoma, omba ruhusa kwa hedimasta, na asipokupa nenda Jumamosi alfajiri, lakini usipitishe hiyo. Usiandike barua. Mtu hasomewi na jirani radhi ya mtoto wake. Usichukue karatasi yako ya rangi mbili, ichome. Mchukue mama yako, maana yeye ni dada wa mwenye nyumba na mlango haufungwi usoni mwake, ila usimwachie maneno, maneno ni yako. Ongea Kishambaa. Kaa chini, si kwenye kiti. Usianze na pembetatu, usianze na karani, usianze na "sikueleweka", maana anayeanza hivyo anamlaumu msikilizaji. Mwambie, "Mjomba, hukulisogeza jiwe. Nilijua, nikaulizwa, nikanyamaza kwa kiburi changu. Na nilikutaja jina mbele za watu. Nimekuja kukuomba radhi." Kisha nyamaza, na safari hii kunyamaza kwako kuwe kwa heshima.

Huenda asijibu. Hana wajibu wa kujibu siku hiyo wala siku ya pili. Chukua debe ukateke maji umwagilie ile miche, maana kabichi haisubiri watu wapatane. Ufanye hivyo mchana, watu wakipita wakuone, umekunja suruali. Walikuona ukiwa na tai, wakuone na hivyo.

Baada ya hapo, mwulize kama atatia dole gumba kwenye rufaa. Mwulize mara moja, usimbembeleze wala usimwambie ni kwa ajili ya amani ya moyo wako. Akikubali, mwende wote wawili Lushoto kabla ya tarehe ishirini na mbili, mkaombe kamba ivutwe palepale shambani mbele ya watu, Hezekia ashike ncha moja kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hakuna atakayehitaji mwalimu.

Kuhusu hedimasta wako, mwambie kweli yote kabla hajaisikia kwa mwingine. Jina lako liko ndani ya lile faili tayari, mwalimu. Liko pale likisema uongo. Unachoogopa ni kwamba litaonekana likisema kweli. Kama Uganda itakupita kwa hilo, itakupita, nami nitasikitika pamoja nawe, lakini sitakushauri uende ukajifunze zaidi juu ya pande zilizo sawa huku mmoja umeuacha nyumbani umepinda.

Limebaki la Sefania, na hilo limeniuma kwa sababu ni la kazi yangu. Kuuliza si ujinga, na yule mtoto aliuliza swali zuri kuliko yote utakayoulizwa mwaka huu. Umempa panga kwa sababu swali lake lilikuwa na jibu ulilolikimbia. Msimamishe mbele ya darasa lote, si kwa kumwadhibu, umwambie, "Uliuliza vizuri, mimi nilikosa." Hawatakudharau. Nimewahi kufanya hivyo mara mbili tatu, na baada yake mikono iliyonyooshwa ilikuwa mingi hata nikachoka. Kisha mjibu. Mwambie kwamba anayeanza na uongo ili aubomoe ana wajibu wa kutangaza kwanza kuwa ni uongo, na ana wajibu wa kufika mwisho, akatizwe asikatizwe. Kila unapoandika "tuseme" ubaoni, andika juu yake kwa herufi kubwa unachotaka kuonyesha, na usifute ubao wala usiruhusu kengele ikutoe mpaka umefika. Wakikuita Bwana Tuseme, na waongeze na Bwana Basi.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi, kwa sababu najua utalitafutia kisingizio. Mjomba anaweza kukataa. Anaweza kukusamehe na bado akakataa dole gumba lake, wazee wana njia zao za kuchoka. Hapo usije ukaniandikia kwamba ulijaribu ikashindikana. Rufaa ni yake, lakini ushahidi ni wako, na shahidi aliyesema visivyo haombi dole la mtu kwenda kurekebisha maneno yake mwenyewe. Nenda siku ya baraza, simama palepale uliposimama, mwombe Zumbe ruhusa, useme kwa Kishambaa kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mjomba Darweshi hakulisogeza jiwe." Ni maneno manne. Karani ayaandike, na usiondoke mpaka umeyasoma.

Huenda maji yasirudi kwa maneno hayo, sikudanganyi. Lakini mjomba wako ana miaka sitini na mitano, na asije akaingia kaburini akiamini kwamba mtoto aliyemlea ndiye aliyesimama mbele za watu akamwita mwizi.

Bibi Rahabu
Tanga, Februari 12, 1957